Je, ni kweli Lettow-Vorbeck hakushindwa? Vita vya Mjerumani na watu waliovibeba kichwani

Tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda babu zetu wakati wa Majimaji, habari za enzi ya Mjerumani zimerudi vijiweni. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba zimerudi zimechanganyika kama maharage ya soko la jioni. Nimesikia watu wazima, wenye kusoma magazeti, wakisema Von Lettow, kamanda wa jeshi la Mjerumani hapa kwetu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiye aliyemkata kichwa Mkwawa. Wengine wanasema ndiye aliyechoma mashamba ya Ungoni. Na karibu kila mazungumzo huishia kwenye sentensi moja inayotamkwa kwa mshangao, mara nyingine hata kwa heshima: "Yule Mjerumani hakushindwa kamwe."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Si uongo mtupu. Lakini mtu akiibeba peke yake atakuwa ameikosa habari yenyewe.

Tuanze na nani ni nani. Paul von Lettow-Vorbeck aliteremka Dar es Salaam Januari 1914. Mambo ya kabla ya hapo yana wenyewe. Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889, na aliyekuwa anaongoza majeshi ya Mjerumani alikuwa Hermann von Wissmann. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 akiwindwa na askari wa kituo cha Iringa, ambacho mkuu wake alikuwa Tom von Prince, mtu aliyejulikana kwa wenyeji kama Bwana Sakarani. Majimaji ya 1905 hadi 1907 ilizimwa chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, yule ambaye jina lake lilibandikwa kwenye meli ya Ziwa Tanganyika tunayoijua leo kama MV Liemba. Lettow hakuwepo katika hayo yote. Wala hakuwahi kuwa gavana. Vita vilipoanza mwaka 1914, gavana alikuwa Heinrich Schnee, mwanasheria, na kwa mujibu wa taratibu za Wajerumani wenyewe huyo ndiye aliyekuwa juu ya kamanda.

Kuna maneno manne ambayo bila kuyaelewa habari hii haishikiki. La kwanza ni Schutztruppe, maana yake "jeshi la ulinzi". Usidanganyike na jina. Lililinda koloni, si watu wake. Ndilo jeshi lililowapiga watu wa Iringa na Ungoni. La pili ni askari, yaani Mwafrika aliyeajiriwa, akapewa sare, bunduki na mshahara. Mwanzoni wengi walikuwa Wasudani waliochukuliwa Misri, na baadaye wakaingia Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. La tatu ni rugaruga, wapiganaji wa msimu waliofuata jeshi bila kuwa na sare kamili. Na la nne, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni mpagazi. Huyu hakuwa na bunduki. Alikuwa na mzigo kichwani.

Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis tarehe 20 Machi 1870, katika ukoo wa makabaila wa Prusia ambako mtoto wa kiume alilelewa akijua kazi yake ni jeshi, kama baba yake. Mwaka 1900 alipelekwa China, majeshi ya nje yalipokwenda kuzima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 akapelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani, Namibia ya leo.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana wanaomsifu huwa wanapapita mbio. Huko Namibia alifanya kazi katika makao ya Jenerali Lothar von Trotha, mtu aliyetoa amri ya Oktoba 1904 kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni apigwe risasi. Waherero na Wanama waliuawa kwa maelfu kwa maelfu, jangwani na kwenye kambi, na mwaka 2021 Serikali ya Ujerumani ilikiri rasmi kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Lettow alikuwa afisa kijana ndani ya mashine hiyo. Baadaye akapambana na Wanama, watu waliokuwa wakishambulia ghafla na kutoweka kabla Mjerumani hajapanga safu. Katika mapambano hayo alijeruhiwa na jicho lake la kushoto likaharibika. Miaka minane baadaye, alipoanza kupigana kwa kushambulia na kutoweka, alikuwa anatumia mbinu ambayo Waafrika walimfundisha kwa gharama ya jicho.

Vita vya Ulaya vilipolipuka Agosti 1914, alikuwa na miezi saba tu nchini. Jeshi lake lilikuwa kampuni 14, askari wapatao 2,500 na Wazungu wasiofika 300, kwa nchi iliyojumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi. Kampuni nyingi zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, zinazotoa moshi mwingi kiasi kwamba ukifyatua risasi moja adui anajua mti uliojificha. Kaskazini yuko Mwingereza wa Kenya na Uganda, magharibi Mbelgiji wa Kongo, kusini-magharibi Mwingereza tena, na baharini manowari za Kiingereza zimefunga njia. Ureno wa Msumbiji ungejiunga baadaye.

Gavana Schnee alitaka nchi ikae nje ya vita. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango huo wazi kwa makoloni ya Afrika ya Kati, na Schnee alijua watakaoumia ni raia. Lettow aliona tofauti kabisa. Kwake koloni halikuwa kitu cha kulinda; lilikuwa chambo. Alijua hawezi kulishika, na alijua vita vitaamuliwa Ulaya. Hesabu yake ilikuwa hii: nikimchokoza Mwingereza kiasi cha kutosha, ataleta watu, meli, chakula na fedha huku Afrika, na kila atakacholeta huku kitapungua kule Ufaransa. Ni kama mbu mmoja ndani ya chumba usiku. Hawezi kukuua, lakini unawasha taa, unavuruga kitanda, unawaamsha watoto, na asubuhi umechoka. Tofauti ni kwamba chumba hiki kilikuwa na wenyewe, na hakuna aliyewauliza.

Jina lake lilijengwa Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, ilitokea mbele ya bandari na kumpa mkuu wa wilaya, Auracher, muda wa kusalimu amri. Nahodha aliuliza kama bandarini kumetegwa mabomu, na Auracher akajibu kwamba yametegwa. Hayakuwepo. Wakati Waingereza wanapapasa maji kwa tahadhari, treni za reli ya Usambara zilikuwa zinashusha askari kutoka Moshi. Usiku wa kuamkia tarehe 4, Lettow mwenyewe alipanda baiskeli na kuingia mjini. Mji ulikuwa mtupu na kimya, mbalamwezi imeangaza nyumba, na taa za meli zikimeremeta baharini. Alizunguka hadi ufukweni, akaona ukubwa wa kikosi kilichokuja, akarudi.

Waliokuja walikuwa watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Kihindi waliokaa melini wiki kadhaa, wamechoka na hawana mafunzo ya msituni. Wakiwakabili askari wapatao 1,000 walishindwa vibaya. Waliokufa na kujeruhiwa upande wao walipita 800, na waliobaki wakarudi melini wakiacha ufukweni bombomu (bunduki za rashasha), mamia ya bunduki na risasi 600,000. Ndipo Lettow alipopata bunduki za kisasa. Na ndipo lilipozaliwa lile dai kwamba Wajerumani walitega nyuki. Nyuki walikuwepo kweli: mizinga ilikuwa juu ya miti, risasi zikaivuruga, na nyuki wakaumiza pande zote mbili. Hakuna aliyewafuga kwa ajili ya vita. Magazeti ya Uingereza yalihitaji sababu ya aibu ile, na nyuki hawakuwa na wa kuwatetea. Tanga ndiko alikokufa Bwana Sakarani pia, miaka 16 baada ya kifo cha Mkwawa.

Ushindi uliofuata ndio uliomfumbua macho. Januari 1915 aliteka ngome ya Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, lakini alipoteza maafisa wengi, yeye mwenyewe akajeruhiwa, na askari wake wakatumia risasi 200,000. Mwenye duka anaelewa mara moja. Ukiuza bidhaa kwa faida huku ukijua hutapata mzigo mwingine, faida hiyo ni hasara. Akaamua kuanzia hapo hatapigana vita vikubwa ila pale inapobidi. Akawa anapeleka vikundi vya watu wachache kulipua reli ya Uganda, kukata simu, kuvamia na kukimbia.

Nchi nzima ikageuzwa karakana. Kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kilitengeneza kwinini kwa magome ya mkwinini. Ilipokosekana ya vidonge, majimaji machungu yakanywewa na Wajerumani wakayaita pombe ya Lettow. Tabora zilipigwa sarafu, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wa sarafu wanazililia. Manowari Königsberg, iliyokuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar Septemba 1914, ilizingirwa kwenye delta ya Rufiji hadi Julai 1915, na ilipozamishwa mizinga yake kumi ikaopolewa, ikawekewa magurudumu na kuburutwa porini kwa mikono ya watu. Mwaka 1917 Berlin ilirusha hata ndege-puto, L59, kutoka Bulgaria ikiwa na shehena ya dawa na risasi. Ilifika karibu na Khartoum, ikaamriwa irudi. Ilikaa hewani saa 95 bila kutua, na Lettow hakupata hata sindano moja.

Mwaka 1916 mambo yakabadilika. Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alikuja na jeshi kubwa, akaingia kupitia Kilimanjaro. Wabelgiji wakashuka na askari wao wa Kikongo, wakachukua Kigali, kisha Tabora mwezi Septemba. Dar es Salaam ilianguka mwezi huohuo. Reli zote zikapotea. Lettow akarudi nyuma kuelekea kusini, hatua kwa hatua, kila mara akiacha vumbi kabla mtego haujafungwa.

Hapa ndipo wasomaji wengi wa hadithi za kijeshi hutazama bunduki, na hapa ndipo mimi nakuomba utazame vichwa vya watu.

Nchi ya kusini na kati imejaa mbung'o. Farasi, ng'ombe na nyumbu wa jeshi walikufa kwa makumi ya maelfu. Barabara za magari hazikuwepo, na masika yakianza hata njia ya miguu inakuwa tope. Kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha mgonjwa kilibebwa na mtu. Sasa piga hesabu ya kawaida. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Naye anakula, tuseme, kilo moja kwa siku. Ukimtuma mbali siku 12, atakuwa amekula kilo 12 njiani kwenda na anahitaji nyingine 12 za kurudi. Askari aliyeko mbele anaambulia kilo moja. Ni sawa na bodaboda anayepeleka petroli kijiji cha mbali kwa kuinywesha pikipiki yake petroli hiyohiyo. Njia za kulitatua ni mbili tu: uongeze wapagazi kwa maelfu, au uwapunguzie chakula. Majeshi yote yalifanya yote mawili.

Upande wa Waingereza peke yao, idadi ya wapagazi waliochukuliwa katika vita vile inakaribia milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rodesia, Kongo na Tanganyika yenyewe kadiri ilivyotekwa. Kumbukumbu zao wenyewe zinataja vifo visivyopungua 95,000, wengi wakiuawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa. Mtu wa nyanda za juu aliyezoea kula ndizi au ulezi alipewa unga mbichi wa mahindi bila muda wa kuupika, tumbo likaharibika, akafa kandokando ya njia. Kikosi chao kiliitwa "Carrier Corps", na ulimi wa Mswahili ukakiita Kariakoo. Uwanja walikopiga kambi Dar es Salaam ndio soko tunakonunua nguo na vitunguu. Nairobi wana Kariokor yao.

Kwa Lettow hali ilikuwa nyingine, na kwa maoni yangu ndio ufunguo wa habari yote. Yeye hakuwa na bandari wala stoo ya nyuma. Alitatua hesabu ya bodaboda kwa kuacha kubeba chakula: alikula pale alipofika. Ndiyo siri ya wepesi wake. Jeshi linaingia kijijini, linachukua nafaka ya ghalani, mbuzi, hata mbegu za msimu ujao, linachukua wanaume wa kubeba mizigo, linaondoka. Kinachobaki mara nyingine kinachomwa ili adui anayefuata asikipate. Kisha huyo adui anafika, naye ana njaa. Daktari wa Kijerumani aliyesafiri na kikosi hicho, Ludwig Deppe, aliandika baadaye kwa uchungu kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa, na kwamba hawawezi tena kujiita waleta ustaarabu. Si maneno ya adui yake. Ni ya mtu aliyewafunga bandeji watu wake.

Wazee wa Ugogo wana jina la kilichofuata: Mtunya. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamekomba ng'ombe na nafaka na kuchukua wanaume. Mvua zilipokataa, hakukuwa na akiba, na watu wakafa kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1918 ikaongezeka homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ikiwakuta watu ambao miili yao haikuwa na kitu cha kupigania. Kuna wanahistoria wanaokadiria kwamba raia waliokufa katika koloni la Mjerumani kwa sababu ya vita vile walifika 300,000, na wengine wanakwenda juu zaidi. Linganisha na askari wa Lettow waliokufa vitani, ambao hawakuzidi elfu chache. Kwa hiyo mtu akikuambia vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vita safi vya waungwana waliokuwa wakipelekeana salamu na kusalimiana kwa mkono, mwambie alikuwa anatazama maafisa tu.

Vita vyenyewe viliendelea. Oktoba 1917, Mahiwa, Lindi ya leo, yalitokea mapigano makali kuliko yote: siku nne, Waingereza wakiwa na askari wengi wa Nigeria na wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika) wakapoteza zaidi ya nusu ya kikosi cha watu wapatao 4,900. Vitabu huandika kuwa Lettow alishinda. Alipoteza watu zaidi ya 500 ambao hakuwa na mahali pa kuwapata wengine, na karibu risasi zake zote. Mwezi mmoja baadaye akaacha wagonjwa na majeruhi nyuma, akachagua wenye nguvu, askari wasiozidi 2,000, akavuka Ruvuma. Tarehe 25 Novemba akaivamia kambi ya Wareno ya Ngomano, akamuua kamanda wao, akachukua bunduki na risasi za kumtosha kuendelea. Karibu mwaka mzima alizunguka Msumbiji, akafika hadi karibu na Quelimane, akageuka, akapita tena Tanganyika kusini-magharibi Septemba 1918, akaingia Rodesia ya Kaskazini na kufika Kasama. Tarehe 13 Novemba watu wake walimkamata mpanda pikipiki wa Kiingereza. Ndani ya mfuko wake mlikuwa na habari kwamba Ujerumani ilisaini kusitisha vita siku mbili zilizopita. Tarehe 25 Novemba 1918, Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, akaweka silaha chini mvua ikinyesha. Alikuwa na Wajerumani 155, askari zaidi ya 1,100 na wapagazi wapatao 1,500, na wanawake na watoto waliokuwa wamefuata safari yote ile.

Basi, alishinda au alishindwa? Inategemea unapima nini. Akiwa kamanda wa kikosi, hakuwahi kuzingirwa wala kulazimishwa kusalimu amri na jeshi lililo mbele yake. Hilo ni kweli na linahitaji kipaji, nami sina shida kulikubali. Lakini timu inayojifungia golini dakika tisini bila kufungwa na kuondoka na sare haijatwaa kombe. Koloni lote alilotumwa kulishika lilikuwa mikononi mwa adui mwaka mzima kabla hajasalimu amri. Mapigano yake mengi makubwa baada ya 1916 yaliishia na yeye kuondoka.

Na ile hesabu ya mbu, je, ilifanya kazi? Nusu nusu. Uingereza ilitumia fedha nyingi sana na meli ambazo ilizihitaji, na kwa nyakati tofauti iliingiza wanajeshi zaidi ya laki moja. Lakini waliomkimbiza kuanzia 1917 walikuwa hasa askari wa KAR, Wanigeria, Wagold Coast, Wakongo na Wahindi. Mwingereza hakuwa na mpango wa kumpeleka askari wa KAR kwenye mahandaki ya Ufaransa. Vita vya Ulaya havikufupishwa wala kurefushwa na Lettow. Kwa hiyo mashamba ya Ugogo na Umakonde yaliliwa kwa ajili ya faida ambayo, ukiipima kwa lengo lake mwenyewe, ilikuwa ndogo sana.

Kuna pia suala la askari "waaminifu". Ujerumani ya baada ya vita ililipenda sana: Mwafrika aliyempenda bwana wake hadi mwisho. Ndiyo, wale walioonekana Mbala walikaa naye miaka minne, na ushujaa wao haupingiki. Ila zaidi ya 2,000 walitoroka, hasa jeshi lilipoziacha nchi zao nyuma, na wengine maelfu walitekwa. KAR hata iliunda kikosi kizima, namba sita, kwa kuanzia na askari waliokuwa wa Mjerumani. Mtu alibadili kofia akaendelea na kazi ileile. Askari alikuwa mwajiriwa mwenye familia, mshahara, watumishi na hadhi ya kuwa juu ya wanakijiji, na alipima mambo yake kama mtu yeyote anayetafuta maisha. Kumwita mtoto mtiifu ni kumvunjia heshima. Na tusisahau kwamba kijijini, aliyeonekana akifungua ghala alikuwa yeye, si Lettow.

Machi 1919 Lettow alipita Berlin juu ya farasi, chini ya Lango la Brandenburg, akipigiwa makofi. Nchi iliyoshindwa ilihitaji mtu ambaye hakushindwa. Mwaka uliofuata aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya jamhuri, akaondolewa jeshini. Akakaa bungeni 1928 hadi 1930 kwa chama cha wazalendo wahafidhina, na alipigania Ujerumani irudishiwe makoloni. Watu hupenda kusimulia kwamba alimkatalia Hitler kazi ya ubalozi. Wanaosimulia husahau kuongeza kwamba mwaka 1939 utawala huohuo ulimtunuku hadhi ya jenerali kamili, naye akaipokea. Vita vya pili vilimuulia watoto wake wa kiume. Kuna hata mjusi mkubwa wa kale, Dysalotosaurus lettowvorbecki, aliyepewa jina lake mwaka 1919; mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, na tunaweza kuwa na uhakika kwamba iliyoibeba hadi pwani ilikuwa migongo ya watu wa Lindi. Katika miaka ya karibuni Wajerumani wenyewe wamekuwa wakiliondoa jina hilo kwenye mitaa na kambi za jeshi. Hata Saarlouis, alikozaliwa, mtaa wake umebadilishwa jina.

Ukipita Sanamu ya Askari, Posta, Dar es Salaam, simama usome. Wengi hudhani ni askari wa Mjerumani. Ni wa upande wa Mwingereza. Sanamu iliwekwa mwaka 1927, mahali ambapo awali alisimama von Wissmann wa shaba. Maandishi ya chini, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini juu ya nguzo yuko mwenye bunduki.

Lettow-Vorbeck alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964, akibakiza siku chache kutimiza miaka 94. Serikali ya Ujerumani Magharibi iliwasafirisha askari wake wawili wazee wakahudhurie maziko, na waziri wa ulinzi aliyehutubia, Kai-Uwe von Hassel, alikuwa mzaliwa wa Gare, milima ya Usambara. Mwaka huohuo bunge la huko lilipitisha fedha za kuwalipa askari waliobaki hai mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita, ile ambayo Lettow aliwaandikia vyeti badala ya kuwapa rupia. Wazee walijitokeza, baadhi wakiwa na vyeti vilivyochakaa. Inasimuliwa kwamba wasiokuwa navyo walipewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani waishike kama bunduki, wakaonyesha mazoezi bila kukosea.

Wapagazi hawakuitwa. Upande wa Mwingereza, mishahara ya waliokufa ambao ndugu zao hawakupatikana ilibaki hazina. Upande wa Lettow hakukuwa hata na daftari la majina yao.